Hesabu ya ndege isiwe ya Januari peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu ndege wetu wa hori ya Mida na mdomo wa mto Sabaki, hapa pwani ya Kenya, manake kila mwaka ni yale yale, Januari ikifika watu wanakuja na darubini wanahesabu, wanapiga picha, wakishaondoka basi, mpaka Januari nyingine. Sawa, najua Januari ina sababu yake, hesabu inafanywa Afrika na Ulaya kwa wakati mmoja, na vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, waliotoka huko Siberia huwa wametulia hapa kwetu. Lakini mwaka una miezi kumi na mbili jamani.

Nenda pale Sabaki inapoingia baharini wakati wa kusi, mwezi wa saba ama wa nane hivi. Utakuta ndege wadogo wa hudhurungi, mabawa marefu, wamelala mchangani kwa maelfu hata usiwaone mpaka waruke. Hao wanazaa Madagascar halafu wanavuka bahari kuja kwetu, na kaskazi ikianza washarudi kwao. Mtu wa Januari hawaoni kabisa! Kwenye daftari lake ni sifuri.

Halafu yule mla kaa wa Mida, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyo anazaa kule Oman, Iran na pande hizo, anachimba shimo mchangani anataga yai moja, kisha kaskazi anatujia na mtoto. Ukikaa kimya pale kwa daraja la mikoko maji yakianza kupwa utamwona huyo mtoto, mkubwa sawa na mzazi, rangi kijivujivu, bado anamfuata nyuma akipiga mluzi alishwe kaa, na hana haya. Sasa wanaondoka lini, na wachanga wangapi wanabaki hapa kusi nzima? Siku moja ya Januari haikwambii hayo. Na Aprili je, vitwitwi wa kijivu wanapogeuka kifua chekundu cha matofali kabla ya safari, nani anaandika?

Watu wa kuandika wapo. Wavuvi wako pale kila siku, na vijana wanaotembeza wageni wanawajua hawa ndege hata kwa sauti. Wapewe darubini na daftari, wahesabu kila mwezi, pahali palepale, maji yakiwa kiasi kilekile, kwa sababu ukihesabu bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi huu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mwezi ujao, hizo namba huwezi kuzilinganisha, maji yakipwa ndege wametawanyika tope lote, yakijaa wamebanana pamoja. Mwenye simu pia asaidie, ile Ramani ya Ndege ya Kenya (Kenya Bird Map) inapokea orodha za ndege ulioona mwezi wowote, unaangalia masaa mawili angalau unatuma.

Na walipwe, tafadhali, sio fulana na soda. Siku moja kwa mwezi kwa vijana wanne watano, hiyo ni pesa ngapi kwa bajeti ya utalii?

Msomaji wenu,
Malindi