Barua ya wazi kwa Mhandisi wa Barabara: maji kwanza, lami baadaye

Mheshimiwa Mhandisi,

Nakuandikia kuhusu ile barabara fupi inayochepuka kutoka barabara kuu na kuishia kijijini kwetu, ufukweni. Najua mezani kwako zimo ndefu zaidi, zenye magari mengi zaidi. Ila hizo zikikatika watu huzunguka. Yetu ikikatika hakuna pa kuzungukia: mbele bahari, kushoto na kulia mikoko.

Tumesikia safari hii kuna mpango wa lami. Wenzangu wamefurahi, nami sitaki nionekane mpinga maendeleo. Ninachoomba ni kwamba kabla ya lami, hata kabla ya kumwaga kifusi kipya, maji yatafutiwe njia yake.

Kila mwaka mambo ni yaleyale. Mvua zikikaribia linakuja greda, linakwangua, linasukuma udongo pembeni, linaondoka. Kwa muda mfupi barabara inapendeza kweli. Lakini udongo ule uliosukumwa unabaki tuta pande zote mbili, na kila likikwangua uso wa barabara unazidi kushuka. Pale kwenye mteremko wa kuingilia kijijini, ukisimama katikati ya barabara, shamba la pembeni liko usawa wa kiuno chako. Mvua ikinyesha, maji ya shamba zima yanaingia barabarani, na yakishaingia hayana pa kutokea. Tumechongewa mfereji, kisha tunaambiwa tupitishe magari humo.

Dawa unaijua kuliko mimi. Barabara ya changarawe inataka mgongo katikati, wenye mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kwenda pembeni, inataka mitaro, na michirizi ya kuyatoa maji kabla hayajapata nguvu. John McAdam, mjenzi wa barabara kutoka Uskoti, alishawaeleza Waingereza jambo hili yapata miaka 200 iliyopita: anayebeba gari hasa ni udongo wa chini, nao hubeba ukiwa mkavu. Lami haikaushi udongo. Ikiwekwa juu ya tope itapasuka, na shimo la lami, waulize wenye pikipiki, ni baya kuliko la changarawe.

Kuna na kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, pale mkono wa bahari unapokatiza. Aliyeliweka alifikiria maji ya mvua tu, yanayoshuka. Hapa maji hupanda pia. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, bahari inasukuma kutoka chini, na ikikutana na mvua ya juu, bomba lile jembamba haliwezi. Maji yanapita juu ya barabara na kuondoka na kingo zake. Inama uchungulie mdomo wake: nondo ziko nje, zimevimba kwa kutu na kulipasua zege. Hiyo ni kazi ya chumvi. Kwa hiyo, tafadhali, zege jipya lisichanganywe na mchanga wa ufukweni kwa sababu tu uko karibu, na nondo zifunikwe vya kutosha. Upande wa juu, ambako maji ya bahari hayafiki tena sawasawa, mikoko imeanza kukauka, na mikoko hiyo ndiyo inayovunja mawimbi kabla hayajatufikia.

Malori ya mchanga nitayasema kwa ufupi. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uzito kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kama mara 16. Bila kizuizi cha uzito pale njia panda, mtakuwa mnawajengea wenye malori.

Ombi langu la mwisho ni uje mwenyewe. Saa za maji kujaa hujulikana mapema. Chagua siku ya bamvua, uache gari juu ya mteremko, tushuke pamoja kwa miguu hadi kwenye kalavati. Vijana wa kuchimba michirizi wapo. Tunachokosa ni mtu wa kupima mteremko, kalavati pana zaidi, na karatasi moja yenye mhuri, maana mwenye shamba la chini hatakubali michirizi imwagie maji kwake kwa maneno yetu matupu. Akikataa, ataiziba usiku, na sitamlaumu.

Wako,
Mkazi wa mwisho wa barabara