Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe: mtikisiko uwekewe kiwango

Assalamu alaykum Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua mezani kwako hazikosi. Kila kibali cha kujenga, kukarabati au kufunga jenereta ndani ya Mji Mkongwe kitaje kiwango cha mtikisiko kisichovukwa, na kimtaje atakayekipima.

Nyumba zetu unazijua. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli, lakini hazina nondo wala mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja. Sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko ambazo ncha zake zimeingizwa tu ukutani. Ukuta wa namna hiyo hubeba uzito vizuri. Kutikiswa huku na huku ndiko usikokuweza. Chokaa hulegea, plasta huachana na jiwe, masika yakija maji yanapata njia, na boriti huanza kuoza kule ndani kusikoonekana.

Sisemi kwamba mtikisiko ndio ulioangusha sehemu ya Beit al Ajaib (Jumba la Maajabu) hapa Zanzibar tarehe 25 Disemba 2020. Jengo lile la mwaka 1883 lilikuwa na maradhi ya miaka mingi, na watu wawili walipoteza maisha likiwa kwenye matengenezo. Nazungumzia nyumba nyingine zinazougua vivyo hivyo, Kiponda, Malindi na Mkunazini. Hizo hazihitaji kusukumwa sana.

Kupima si jambo la kubuni. Wajerumani katika kanuni yao ya DIN 4150 hupima kasi ya mtikisiko kwenye msingi wa jengo. Kwa mishtuko ya muda mfupi na ya mdundo wa polepole, jengo la viwanda huruhusiwa milimita 20 kwa sekunde, nyumba ya kuishi 5, na jengo la urithi 3 tu. Mwanadamu huuhisi mtikisiko hata usiofika milimita 1, kwa hiyo mara nyingi sisi wakaazi hushtuka kabla ukuta haujadhurika. Nalikubali hilo, na ndiyo sababu nataka kipimo: kitamlinda mwenye nyumba, na kitamlinda mkandarasi anayesingiziwa ufa wa zamani.

Kinachonikera zaidi ni jenereta. Nyuma ya kwetu iko moja ya hoteli (jina nalihifadhi), na umeme ukikatika vikombe vyetu kabatini vinaanza kuongea. Jenereta nyingi za aina hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mapigo 25 kila sekunde. Mafundi huikalisha juu ya vipande vya tairi wakaona wamemaliza. Mpira mgumu hausaidii kitu, na ukichaguliwa vibaya huongeza mtikisiko badala ya kuupunguza. Inatakiwa mipira au springi laini kiasi kwamba mashine ikiwa juu yake iyumbe kwa mdundo wake wa mara 8 hivi kwa sekunde, au pungufu. Hata hapo, bomba la moshi likifungwa kwa vyuma moja kwa moja ukutani, kazi yote imepotea, kwani mtikisiko hupitia bombani. Kipande cha bomba linalopindika kinatosha kuukata. Nani hukagua bomba?

Barabarani dawa ni rahisi zaidi: mashimo yazibwe na malori yapunguze mwendo. Matuta, tunayoyapenda sana, yasiwekwe chini ya kuta za zamani, kwa sababu lori likiruka tuta ardhi hupigwa kama lilivyotumbukia shimoni. Mashine ya kushindilia ikifika karibu na nyumba izimwe mtetemo wake, ishindilie kwa uzito peke yake, hata ikibidi kupita mara nyingi zaidi. Na nguzo za msingi zichimbiwe, zisigongwe kwa nyundo.

Kabla ya kazi yoyote kubwa, nyumba za jirani zipigwe picha, ufa kwa ufa, na juu ya kila ufa kupakwe utepe wa jasi wenye tarehe. Ufa ukitembea, jasi itapasuka. Picha hizo mwenye nyumba apewe nakala, mkandarasi nakala, na moja ibaki kwenye faili la kibali ofisini kwako.

Wako,
Mkaazi wa Kiponda