Farasi kwenda na muziki ni mchezo kamili, msiuweke kwenye vichekesho

Mhariri,

Asalaam aleikum. Naandika nikiwa Maskati, farasi washakula na nina nusu saa kabla ya kuwatoa nje. Juzi nilikuwa nasikiliza kipindi cha michezo cha Kiswahili kwa simu, wakafika kwenye ile habari ya farasi wa Olimpiki wanaowekewa muziki, mchezo wenyewe unaitwa dressage, mtangazaji akaanza kucheka na mwenzake naye akacheka, eti farasi anacheza densi na mtu kakaa tu juu yake anapewa medali ya dhahabu, alafu hao wakarudi kwenye mpira. Wallahi iliniuma.

Mimi ni mtoto wa Lamu, nimekua na punda, tulikuwa tunawabebesha mawe na simiti toka jahazini mpaka juu mtaani, na tangu utoto najua mnyama ukimlazimisha atakwenda lakini hatokwenda vizuri. Huku nimekuja kushika farasi, miaka sasa. Ndo maana nataka wasomaji wako waelezwe hili jambo lilivyo.

Watu wanadhani wimbo ukianza farasi anausikia alafu anaufuata. Sivyo. Farasi ana mdundo wake mwenyewe kabla hata spika haijawashwa. Akitembea kwato zinagonga nne nne, akienda telki, yaani mbio ndogo ndogo, ni mbili mbili, akipiga shoti ya polepole ni tatu alafu kimya kidogo sababu yuko hewani, na kila farasi ana kasi yake, huwezi kuazima ya jirani. Kwa hivo kazi inaanza kwa kumrekodi video, wanahesabu anapiga hatua ngapi kwa dakika, alafu ndo unatafutwa muziki unaolingana na miguu yake au fundi anautunga upya kabisa. Ni kama ngoma kwetu, mpigaji mzuri macho yake hayatoki kwenye miguu ya mchezaji. Siku yenyewe mpandaji anaingia kwenye uwanja wa mita 20 kwa 60, ana kama dakika sita hivi, muziki ushaanza na hausimami, farasi akishtuka na kivuli tu basi hatua tatu zishapotea na inabidi azirudishe humo humo bila mtu kuona, na mkono hautakiwi kuonekana ukivuta hatamu.

Na sio kuzunguka zunguka tu. Kuna pale farasi anapiga telki papo hapo bila kusogea mbele, miguu inapanda na kushuka kama anakanyaga kaa la moto lakini mwili umetulia. Kuna kuzunguka kwa shoti kwenye eneo dogo kama sinia. Kuna kubadilisha mguu wa kutangulia hewani, kila hatua, mfululizo, na hii mimi nikiitizama mpaka leo nasahau kupumua. Majaji saba wanakaa kuzunguka uwanja, wanatoa alama za ufundi na alama za sanaa, na kwenye sanaa wanaangalia mpangilio, ugumu, muziki, na kama huyu mtu na farasi wake wanaelewana.

Hilo la "kakaa tu" ndo limenikera zaidi. Kulikuwa na mwanamke wa Denmark akiitwa Lis Hartel, alipata polio 1944 na miguu kuanzia chini ya magoti ikapooza. Mwaka 1952 wanawake ndo waliruhusiwa mara ya kwanza kwenye mchezo huu wa Olimpiki, kabla ya hapo ilikuwa wanaume tu, wengi wao maafisa wa jeshi, akaenda Helsinki, ikabidi asaidiwe kupanda farasi, akachukua medali ya fedha akishindana na wanaume. Wakati huo muziki haujaingia lakini kazi ni ile ile. Mtu anayekaa tu asingeweza hilo, lazima azungumze na farasi kwa uzito wa mwili wake.

Muziki uliingia Olimpiki 1996 kule Atlanta na aliyeshinda ni Isabell Werth wa Ujerumani na farasi wake Gigolo. Huyo huyo Werth, Agosti 2024 kule Versailles, kwenye Olimpiki ya Paris, ana miaka 55, akachukua fedha kwa asilimia 89.614 nyuma ya Mjerumani mwenzake Jessica von Bredow-Werndl aliyekuwa na farasi jike Dalera, 90.093. Hiyo tofauti ni ndogo mno, huenda ni kujikwaa kidogo tu. Mchezo gani mwingine unakupa nafasi hiyo baada ya miaka 28, tena wanaume na wanawake kwenye uwanja mmoja?

Najua kuna msomaji atauliza kuhusu Charlotte Dujardin, na ni haki yake. Huyu Muingereza alishinda London 2012 na farasi Valegro, muziki wao una kengele za Big Ben ndani, na Desemba 2014 wakafikisha asilimia 94.3, rekodi ya dunia. Alafu Julai 2024, siku chache kabla ya Paris, ikatoka video anamchapa farasi mwingine miguuni kwa mjeledi mazoezini, akajitoa mwenyewe na baadae akafungiwa mwaka mmoja. Mimi sitetei hata kidogo. Nilimpenda sana Valegro na ile video niliiona nikaizima. Lakini gazeti likiandika kesi ile peke yake na kuuacha mchezo wenyewe, msomaji atajuaje kilichoharibiwa ni nini?

Huku Oman watu wana ardha ya farasi na ngamia, wanyama wanaonyeshwa mbele za watu kwa mashairi na nyimbo, na 2018 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sikuwahi kusikia mzee wa hapa akicheka farasi na ngoma pamoja.

Agosti 2026 mashindano ya dunia ni Aachen, Ujerumani. Naomba siku ile ya muziki mtenge hata robo ukurasa, kwenye michezo, muandike jina la farasi na la mpandaji na alama zao, kama mnavoandika wafungaji wa magoli. Mkikosa mtu wa kuwaelezea zile hatua mimi nitawaandikia bure, usiku nikishamaliza kuwafungia farasi.

Msomaji wenu, mzaliwa wa Lamu,
Maskati