Shangazi, umeuliza kwa nini wanarudi palepale

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Uliponiuliza kwa simu kwa nini majirani zangu wanajenga tena palepale palipoungua, nilikujibu kwa haraka, na swali lako lilistahili jibu refu zaidi. Ninaliandika hadharani kwa kuwa najua wapo ndugu wengi wanaojiuliza vivyo hivyo kila wanapoona picha za moto wa Marekani.

Moto wenyewe uliwaka Jumanne, Septemba 8, 2020, hapa katika bonde la Rogue, kusini mwa jimbo la Oregon. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na siku hiyo upepo mkali ulivuma kuelekea kaskazini-magharibi, ukausukuma moto kutoka Ashland kwa kufuata kijito cha Bear Creek, ambacho kingo zake zilikuwa zimejaa vichaka vya miiba, hadi ukaingia katika miji midogo ya Talent na Phoenix. Watu watatu walifariki, na makazi zaidi ya 2,500 yakateketea.

Sehemu kubwa ya makazi hayo yalikuwa nyumba za kiwandani, yaani nyumba zinazoundwa zikiwa kamili na kubebwa kwa lori hadi kiwanjani. Hapa ndipo lilipo jibu lako, Shangazi. Katika mitaa hii, mwenye nyumba ya namna hiyo kwa kawaida humiliki kuta na paa, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, naye huilipia kodi kila mwezi. Waliokuwa wakiishi humo ni wastaafu na wafanyakazi wa mashamba ya mapeasi, wengi wao wenye asili ya Mexico, na baadhi yao hawakuwa na bima. Kwetu Lushoto mtu akiunguliwa, angalau shamba na kiwanja vinabaki vyake, na watu huitana kwa msaragambo wakaja na miti na mabati. Hapa jirani zangu waliamka wakiwa hawana nyumba wala mahali pa kuisimamisha, wakisubiri mwenye ardhi aamue kama atawapokea tena na kwa kodi gani. Nguvu za kujenga walikuwa nazo. Kilichokosekana ni haki juu ya ardhi.

Kwa hiyo kurudi palepale si ukaidi. Ni jambo walilolipigania. Watoto wao walikuwa shule zilezile, kazi zao zilikuwa mashamba yaleyale, na aliyehamia mbali alijikuta akiendesha gari alfajiri ili awahi zamu ya kufungasha matunda. Katika mtaa uitwao Talent Mobile Estates, wakazi waliungana na Coalición Fortaleza, kikundi cha kijamii cha hapa bondeni, pamoja na CASA of Oregon, shirika lisilo la kibiashara linalosaidia watu kupata makazi nafuu, na ardhi ikanunuliwa kwa lengo la kuwafanya wakazi wenyewe kuwa wamiliki kwa njia ya ushirika. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyofanyika tangu moto ule, kubwa hata kuliko nyumba zenyewe, kwa sababu nyumba bila ardhi ingewarejesha katika hatari ileile.

Habari hizi zote nazipata sokoni. Majani yanapoanza kupukutika, soko la wakulima la Alhamisi mjini Medford hujaa maboga, tufaha, vitunguu saumu na, bila shaka, mapeasi. Ungefurahi kuyaona: Bosc yenye ngozi ya kahawia, na Comice ambayo huchumwa ikiwa ngumu na kukaa kwanza kwenye baridi, ndipo ilainike na kutoa utamu wake. Watu hununua polepole kwa makusudi. Mmoja huuliza kama kibali cha fulani kimetoka, mwingine hueleza fundi gani wa umeme anatimiza ahadi, na wale ambao bado wanaishi katika makazi ya muda hutajwa kwa majina ili wasisahauliwe. Sokoni pia ndipo niliposikia watu wakizungumza kwa uchungu kuhusu nyumba mpya zilizoletwa kwa ajili ya waathirika, kisha zikagundulika kuwa na kasoro, na familia zikarudishwa kusubiri.

Wapo ambao hawatarudi. Wengine wamehamia majimbo mengine, na wazee kadhaa walifariki kabla ya kupata funguo.

Sasa nina ombi. Mama mmoja ninayenunua kwake mapeasi ni mwanachama wa ushirika wa wakazi mtaani kwake, na linalomsumbua ni namna ya kumsaidia anayechelewa kulipa bila kumwaibisha wala kuwaelemea wenzake. Nimemweleza kwamba umeongoza kikundi chenu cha kuweka na kukopa kwa miaka mingi. Ameomba nikuulize mliandika kanuni gani kuhusu mgonjwa na aliyefiwa, na je, mfuko wa jamii mnauchangia kila mkutano au kila mwezi? Nitapiga simu Jumapili jioni nikiwa na kalamu mkononi.

Mwanao akupendaye.