Mama, hiyo fomu ya fleti isiende vile ilivyo

Mama yangu mpendwa, na wewe Baba Mapacha, na Dada, na Shosho kama uko hapo sebuleni,

Salamu zenu nimepata na zile sauti za WhatsApp nimezisikiliza zote nikiwa kwa basi natoka kazi, ile ndefu ya Mama nimeirudia. Mimi niko mzima, kazi inaendelea, baridi ni ile ile, hiyo tuachane nayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu kila tukifika kwa maneno ya zile fleti za mradi wa nyumba zinazotaka kujengwa kwa ule uwanja karibu na ploti yetu, Baba Mapacha anasema netiweki imepotea, na pia ameniomba elfu sitini za kujenga vyumba na ni lazima nijibu.

Baba Mapacha, nianze na wewe, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Yule kijana wa mradi alikuja na fomu ya maoni ya majirani, ukaijaza umesimama hapo kwa geti, ukaweka jina la Mama na nambari ya kitambulisho chake, na pale wanauliza kama kuna pingamizi ukaandika hakuna. Mama alikuwa nyuma anachambua mboga, hatua chache tu, na hukumwita. Hiyo ndiyo imenichoma roho. Ploti ni ya Mama, taito imeandikwa jina lake tangu Mzee atuache, na Mzee alinunua zile hisa za kampuni ya mashamba kwa pesa ya maziwa debe kwa debe, sasa kwa ripoti ya mazingira itasomwa ati mwenye hiyo ploti amekubali kila kitu na yeye mwenyewe hata hajaambiwa ghorofa ni ngapi. Mtu mzima haandikiwi maoni na mtoto wake.

Najua ulikuwa unawaza nini. Vijana wa mjengo watakuja, watatafuta pa kulala, na ukiwa na vyumba vinne vya mabati hapo nyuma utakuwa unaokota kodi kila mwisho wa mwezi. Sikulaumu kwa kutafuta. Lakini unajua vizuri hizo vyumba unataka kuziweka wapi, ni pale pale maji yanapitia. Mvua ya Aprili ikishika, maji yanateremka kutoka huko juu kwa lami, yanajaa mtaro, yanakunja pale kwa mti wa avokado na kuingia jikoni kwa Mama. Alama ya matope iko kwa ukuta mpaka leo, juu kidogo ya lile tofali alilowekea jiko, na yeye huweka gunia la mchanga mlangoni kila jioni akiona wingu limekaa juu ya Menengai. Hapo ni sasa, ule uwanja ukiwa bado ni nyasi zinazonyonya maji. Ukimwaga simiti uwanja mzima, paa za fleti na parking na barabara ya ndani, hayo maji yataenda wapi kama si kwetu?

Dada naye nimemsikia. Anasema anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wa ualimu kila mwezi tangu ile sheria ya nyumba ya 2024, mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, na sasa nyumba zikikaribia sisi ndio wa kwanza kupinga. Dada, uko na haki kabisa kukasirika. Umepanga chumba kimoja na nusu miaka yote hiyo, na mimi nataka upate nyumba yako, nataka sana, hata deposit tutasaidiana. Lakini usiniletee mfano wa Bondeni. Zile nyumba 605 za Bondeni ziko mjini, mahali mabomba ya maji taka yalifika tangu enzi za manispaa. Kwetu kila mtu ana choo cha shimo ama septiki, na gari la kunyonya likija mtaa mzima unajua ni zamu ya nani. Tangu Desemba 2021 tunaitwa jiji, na bado Mama ananunua maji ya mkokoteni siku ambazo mfereji umekauka.

Sasa niwaambie kitu, na Mama hii uisome kwa sauti Shosho asikie. Huku Uingereza, nje ya mji wa Reading, ninakofanyia kazi kwa nyumba ya kutunza wazee, mjenzi mmoja aliomba ruhusa ya kujenga nyumba nyingi kwa shamba lililo juu ya hiyo nyumba ya wazee. Huku kabla ya kukubali, ombi linawekwa wazi kwa intaneti, kila mtu anaweza kuandika maoni, halafu madiwani wanakaa jioni na raia anaruhusiwa kuongea dakika tatu. Nikaandika. Nikaomba nafasi ya kuongea. Nikavaa ile koti ya kijivu mliyoiona kwa picha ya Krismasi.

Walioongea mbele yangu walilia kuhusu mandhari ya madirisha yao na bei ya nyumba zao kushuka, na mwenyekiti akawaambia kwa heshima kwamba mandhari ya mtu na bei ya nyumba yake si vitu ambavyo sheria inawaruhusu kupima. Zamu yangu ilipofika nikaongea maji taka peke yake. Nikawaambia mvua ikiwa kubwa, vyoo vya chini vya wale wazee vinachemka, maji machafu yanarudi juu, na sisi ndio tunawahamisha usiku na blanketi. Nikawauliza bomba ambalo limeshindwa na nyumba zilizopo litabeba aje hizo zingine. Ukumbi ulinyamaza, Mama. Diwani mmoja akaniuliza swali, nikajibu, na mhandisi wao akakubali kwamba bomba ni dogo.

Walipitisha, nyumba zitajengwa. Lakini waliweka sharti kwamba hakuna mtu atahamia mpaka bomba liongezwe, na mjenzi atatia sahihi kulipia nafasi za shule na kliniki, makubaliano wanayaita Section 106, yako kwa sheria yao ya 1990. Na kwa kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba mfanyakazi wa nyumba ya wazee alizungumza kuhusu maji taka. Huyo ni mimi, mtoto wa Nakuru! Nimewatumia hiyo karatasi, chapisheni muiweke kwa ile fremu ya Mzee.

Sasa hayo yote nilikuwa nayasema kwa Kiingereza na akilini naona mtaro wetu. Nilitoka hapo nikatembea mpaka kituo cha basi na nikatamani sana niwe nateremka kutoka mtaa wa Section 58 jioni, vumbi limetulia, mtu anachoma mahindi kando ya barabara. Hapa jioni watu wanafunga mapazia mapema sana.

Kwa hivyo hii ndio naomba. Mama aandike barua yake mwenyewe, Dada amsaidie kuipanga, aseme ile fomu haikujazwa na yeye na sahihi si yake, na hayo ndiyo maoni yake sasa. Tangazo la NEMA, ile mamlaka ya mazingira, likitoka kwa gazeti linatoa siku 30 za kupeleka maoni, hata ya mdomo wanapokea, kwa hivyo msingoje mpaka tingatinga ifike ndio mkimbie kwa MCA, mwakilishi wetu wa wodi. Kopi ingine ipelekwe kwa ofisi ya mipango ya kaunti. Na mkutano ukiitwa kwa ukumbi wa wodi muende, bunge la kaunti limelazimishwa na Katiba, Ibara ya 196, kushirikisha wananchi, si hisani ya mtu.

Muongee maji. Mseme mtaro mkubwa ujengwe kwanza mpaka chini, ndio msingi uchimbwe. Muulize maji taka ya hizo familia zote yataenda wapi, kwa sababu hata yakisafishwa yanaishia ziwani, na ziwa letu halina mto wa kutoka, kinachoingia kinakaa. Mliona vile lilipanda likameza geti ya zamani ya paki ya wanyama na ofisi zao, mpaka watu wa upande wa Mwariki na Barut wakahama, na heroe wengi wakaenda Bogoria. Wakiwajibu ati watachimba kisima, muulize floraidi, ile inayoharibu meno, imepimwa na nani. Mtu yeyote akitaka ushahidi Baba Mapacha acheke tu, meno yetu sote yanajulikana yametoka wapi.

Na kuna neno moja sitaki kusikia limetoka nyumbani kwetu. Mama umeniambia kuna mzee alisimama kwa ule mkutano wa kwanza akasema fleti zitatuletea wageni, na watu wakapiga makofi. Mama wewe unajua. Januari 2008, kwa zile vurugu za baada ya uchaguzi, neno hilo lilifanya nini Nakuru unajua, ulipika uji Showground kwa watoto ambao hawakuwa wako. Hata Mzee alifika hapo na sanduku moja. Mtu akianza hayo maneno tena, simama uongee mtaro, umzime.

Elfu sitini ya vyumba sitatuma, Baba Mapacha. Nimetuma elfu ishirini kwa simu ya Mama, ni ya tangi la maji na fundi wa kuinua kizingiti cha jikoni kabla mvua haijaanza, na wewe ndiye utasimamia hiyo kazi kwa sababu mkono wako wa simiti nauamini kuliko wa fundi yeyote hapo mtaani. Mtaro ukishajengwa kweli, tutakaa chini na Mama tuone vyumba vitakaa wapi, hapo nitatoa zaidi ya hiyo uliyoomba.

Wabusu mapacha. Shosho asiache dawa ya presha. Dada, barua mkipeleka mdai ile kopi yenu igongwe muhuri na tarehe, halafu unipigie picha unitumie usiku huo huo, nitakuwa zamu lakini nitaiangalia.

Ni mimi mwanenu.