Wauza vitu vya kale, acheni kunyofoa picha vitabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwafikie wauza vinyago na vitu vya kale wa Arusha na Moshi, hasa wale wanaonyofoa picha na ramani kwenye vitabu vya zamani vya uwindaji na kuzitia kwenye fremu. Najua picha ya kifaru ukutani inamvuta mgeni kuliko kitabu kilichochakaa mgongo. Ila kitabu kikishanyofolewa, mkusanyaji hakigusi tena, na msomaji anabaki na safari asiyoweza kuifuata kwa sababu ramani imekwenda.

Vitabu hivi vinatuhusu. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku, kwa kulipua unga wa magnesiamu, kwenye nyika za chini ya Kilimanjaro. Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilichapwa Leipzig mwaka 1905. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika msimu wa 1933 na 1934, na Green Hills of Africa ikatoka 1935. Mwindaji wa Kiingereza Frederick Selous, aliyetoa A Hunter's Wanderings in Africa mwaka 1881, aliuawa vitani Beho Beho Januari 1917, na kaburi lake liko huko huko, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ya sasa.

Kuvipenda si kuviamini kila neno. J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli huko Tsavo, Kenya, katika The Man-Eaters of Tsavo ya mwaka 1907 anawahesabu vibarua wa Kihindi 28 walioliwa na simba, kisha anaongeza kuwa Waafrika walioliwa walikuwa wengi ila hakuna aliyeweka kumbukumbu yao. Sentensi hiyo moja inakueleza mengi kuhusu nani alihesabika reli ilipokuwa ikijengwa. Ndiyo maana tunavitaka vitabu hivi hapa, mikononi mwetu, vikiwa vizima.

Sasa, kizima kinajulikanaje? Usianze na jalada. Fungua kurasa za mwanzo utafute orodha ya picha, inayokaa baada ya yaliyomo. Picha za zamani zilichapwa peke yake kwenye karatasi nzito inayong'aa, zikapachikwa katikati ya kurasa bila kuhesabiwa kwenye namba. Kwa hiyo ukurasa wa 112 unaweza kufuatwa na wa 113 sawasawa, na picha iliyokuwa kati yao ikawa imeibwa. Hesabu moja moja dhidi ya orodha. Pale palipopungua, panua kitabu taratibu uchungulie kwenye mshono: wembe huacha kipande chembamba cha karatasi, na ukikiona hicho ujue picha imekatwa, haikudondoka. Ramani ya kukunjwa huwa mwishoni au kwenye kimfuko ndani ya jalada. Ikunjue yote, maana hupasuka kwenye makutano ya mikunjo.

Kisha angalia herufi ndogo chini ya baadhi ya kurasa. Katika vitabu vya Kiingereza vya wakati ule, kila kifungu cha karatasi zilizoshonwa pamoja kina herufi yake: B, C, D na kuendelea, mara nyingi kila baada ya kurasa 16. Herufi ikiruka, kifungu kizima kimetoka. Usishtuke ukikosa J au W. Wachapaji hawakuzitumia, na kati ya U na V walichukua moja tu.

Toleo la kwanza linazungumzwa sana na kueleweka kidogo. Mwaka ulioandikwa mbele hautoshi. Geuza ukurasa wa jina la kitabu usome nyuma yake: wachapishaji wengi, Macmillan wa Patterson wakiwamo, waliorodhesha pale kila mara kitabu kiliporudiwa. Scribner's wa New York, waliomchapa Hemingway, waliweka herufi A kwenye ukurasa huo kuonyesha mchapo wa kwanza. Hakuna A, si wa kwanza, hata kama mwaka ni 1935. Kitambaa cha kijani cha jalada la Green Hills of Africa nacho hupauka upesi mno, kwa hiyo mgongo uliopauka peke yake usikukimbize. Jaketi la karatasi linalovishwa juu ya jalada likiwa limebaki hupandisha bei mara kadhaa, na hapo ndipo ujanja ulipo: majaketi ya kuigiza yanachapwa siku hizi. Karatasi nyeupe pee juu ya kitabu cha miaka 90 iulize maswali.

Jihadhari pia na kitabu kimoja chenye majina mawili. A Hunter's Story cha C. J. P. Ionides, yule mkamata nyoka wa kusini mwa nchi, kilichapwa Marekani kwa jina la Mambas and Man-Eaters. Na kitabu cha Schillings kwa Kiingereza, kilichochapwa London, ni juzuu mbili. Juzuu moja isikutoe nusu ya bei ya zote, kwa kuwa kuipata mwenzake ni kazi. Kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi ya pundamilia au tembo kiache hapo hapo kama muuzaji hana kibali, maana sheria ya wanyamapori inahesabu ngozi hiyo kuwa nyara, iwe ukutani au mgongoni mwa kitabu.

Utunzaji wetu huharibikia masika. Rafu iliyobanwa ukutani hunyonya unyevu, hivyo acha nafasi ya sentimita 5 nyuma, na rafu ya chini isiguse sakafu kwa sababu ya mchwa. Mende hawali hadithi, wanafuata wanga uliopakwa kwenye kitambaa cha jalada, na huacha mabaka meupe yasiyofutika. Kitabu chenye wadudu kitie kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi kikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa usifungue mfuko kwa saa 24, ili umande ushike plastiki badala ya karatasi. Picha za karatasi inayong'aa zikilowa, zitenganishe zikiwa bado mbichi. Zikikauka zimegandana hakuna fundi atakayezibandua. Na selotepu, jamani, hapana. Gundi yake hugeuka ya njano na kula karatasi. Jalada likilegea, lifunge kwa utepe wa pamba na uliache hivyo.

Nirudi kwa wafanyabiashara, kwani sipendi kulaumu bila kuonyesha njia. Haki miliki hapa nchini hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Schillings alifariki 1921 na Patterson 1947, kwa hiyo picha walizopiga wenyewe unaweza kuzinakili na kuziuza kihalali. Usikibonyeze kitabu kwenye mashine ya fotokopi, utavunja mgongo. Kiweke kwenye mito miwili, kifunguke kama nyuzi 100 tu, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, upige kwa kamera iliyokaa sambamba na ukurasa. Nakala ya ukubwa wa A4 inahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani takriban nukta 2,480 kwa 3,508; simu nyingi za sasa zinafika hapo. Picha moja utaichapa mara ishirini kwa fremu ishirini, na kitabu bado unacho cha kumuuzia mtu kama sisi.

Mkusanyaji wa vitabu,
Moshi