Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mwalimu wa malezi apewe vipindi vyake

Ndugu Afisa Elimu,

Nimefundisha shule za msingi za serikali hapa Dar es Salaam kwa miaka 31, na miaka tisa ya mwisho nilikuwa mwalimu wa malezi, yaani yule wa kusikiliza na kushauri wanafunzi. Sasa nimestaafu, naishi Mbagala, na kila asubuhi namsindikiza mjukuu wangu kituo cha daladala.

Mwaka jana, akiwa darasa la nne, mjukuu huyo alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Tulimpeleka zahanati akapimwa malaria, akapimwa choo, hakikuonekana kitu. Dawa ya minyoo alikunywa. Ijumaa jioni anacheza mpira hadi giza linaingia, Jumapili usiku analia. Na mimi, mwalimu wa malezi mzima, zilipita wiki sita kabla sijamkalisha nikamuuliza anaogopa nini. Akaniambia Jumatatu ndiyo siku ya kusomewa alama za jaribio mstarini, na kumi wa mwisho husimamishwa mbele, wenzao wakiwazomea. Na akichelewa, kwa sababu makonda wa asubuhi huchukua wanafunzi wawili watatu na kuwaacha wengine kituoni, hupokelewa getini kwa fimbo.

Shule siitaji. Nimefundisha zaidi ya moja na mambo haya si mageni kwangu.

Mwalimu wa malezi yupo. Jina lake limebandikwa ukutani ofisini, kwenye orodha ya majukumu, jirani na mwalimu wa michezo na mwalimu wa mazingira. Kinachokosekana ni muda. Mimi nilikuwa na vipindi 30 kwa wiki na darasa la watoto zaidi ya 100, wakati kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu. Mtoto akinifuata ananikuta nasahihisha madaftari, walimu wenzangu wamekaa pande zote. Atasema nini pale? Nikawa nawasikiliza chini ya mwarobaini wakati wa mapumziko, dakika chache, huku wengine wanagombania uji.

Kuna binti wa darasa la sita alinifuata pale wiki tatu bila kusema neno. Alikuja kunibebea chaki tu. Wiki ya nne akasema mama yake amefariki, na kwamba anaamka saa tisa usiku kupika maandazi ya kuuza kabla ya shule. Shuleni hakuna aliyekuwa anajua, na wakati huo wote alikuwa akiadhibiwa kwa kusinzia. Hatukufanya makubwa. Mwalimu wa Hisabati aliacha kumwita mzembe, mwenyekiti wa mtaa akazungumza na ndugu zake, nami nikawa namuuliza kila siku kama amekula. Darasa la saba alimaliza.

Tunapenda kuwaambia watoto wavumilie. Sikuwahi kuona mtoto aliyekomaa kwa kuzomewa. Niliona waliojifunza kunyamaza, nasi tukawaita wenye nidhamu.

Naomba uwaandikie walimu wakuu kwamba mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi, hata sita kwa wiki, na muda huo uonekane kwenye ratiba kama Kiswahili kinavyoonekana. Wawe wawili, mwanamke na mwanaume. Wapewe mahali pa kukaa, hata stoo iliyosafishwa, mlango ukiwa wazi ili waonekane ila wasisikike. Shule zenye zamu mbili ziutumie ule muda wa kupishana saa za mchana. Kusoma alama mstarini kukome. Na kuhusu fimbo, kanuni zinajulikana: anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mtoto aliyeachwa na daladala hana kosa hata la kiboko kimoja.

Najua walimu hawatoshi. Nilikuwepo mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, watoto wakafurika hadi tukafundishia nje, na nilifurahi kuwaona. Lakini muda wa vipindi hivyo sita tayari tunaupoteza, tukifuatilia utoro na kurudia masomo kwa watoto ambao miili yao iko darasani na akili ziko kwingine. Namba 116 ya kumsaidia mtoto ni ya bure na nimewafundisha wengi kuikariri. Ila simu ya nyumbani mara nyingi iko mkononi mwa yule yule anayemuumiza, kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumwambia lazima awe shuleni.

Niko tayari kukaa na walimu wa malezi wa wilaya yoyote utakayonituma, bila posho. Madaftari yangu ya miaka tisa ninayo bado, majina ya watoto nimeyafuta. Jumatatu sipatikani kabla ya saa mbili, mpaka nihakikishe mjukuu amepanda gari. Siku nyingine zote nipo.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Temeke